Ni wewe au ni pikipiki? Matatizo ya anayejifunza kuendesha, Malindi

Nilianza kujifunza pikipiki nikiwa na miaka 41, kwa Boxer ya mpwa wangu, alfajiri kabla hajaipeleka stejini. Wiki nzima ilinizimikia kila nilipotaka kuondoka. "Shangazi, achia klachi polepole," ananiambia. "Mwanangu, hii ndiyo polepole yangu." Siku ya nane akapita fundi mmoja wa Maweni, akaubonyeza mkono wa klachi mara moja tu, akacheka, akageuza nati ya kebo mizunguko miwili. Nikaondoka kama niliyesukumwa. Nikajiona nimefuzu. Siku mbili baadaye ikazimika tena, mbele ya msikiti, watu wakitoka kuswali, na mara hii kebo ilikuwa sawa. Kosa lilikuwa langu.

Tangu hapo nimewafundisha wanawake wanne wa mtaani kwetu Muyeye na vijana wawili, na kila mmoja akija na shida yake naanza na swali hilo: ni wewe au ni pikipiki? Anayejifunza kwa pikipiki ya kuazima ana haki ya kuuliza. Pikipiki ya boda haipumziki, na mwenyewe amezoea maradhi yake hata hayaoni tena. Mpwa wangu hakunidanganya. Vidole vyake vilikuwa vimeshajifunza kuifidia kebo iliyolegea, bila yeye kujua. Kwa hiyo ukitaka ukweli, usimpe mwenyewe aijaribu. Mpe dereva mwingine, aizungushe dakika tano, halafu umwulize imemsumbua wapi.

Mambo ya karatasi nayapita haraka: ukitoka uwanjani kuingia barabarani lazima uwe na leseni ya muda ya mwanafunzi na kibao cha L. Leseni ya kuendesha pikipiki yako mwenyewe si ile ya kubebea abiria, ni madaraja mawili tofauti. Helmeti na koti la kung'aa ni sheria Kenya, si hiari, na abiria ni mmoja tu. Kabla hujaweza kusimama pale ulipokusudia, abiria wako ni sifuri.

"Inazimika kila nikitaka kuondoka"

Hili ndilo tatizo la kila mtu, nami nitakaa hapa kidogo.

Klachi si swichi ya kuwasha na kuzima. Ukiubana mkono wa kushoto, injini na gurudumu la nyuma vimeachana. Ukiuachia, vinashikana. Katikati kuna nafasi nyembamba, kama upana wa kidole, ambapo vinaanza kushikana huku vikiteleza. Anayeanza anaivuka nafasi hiyo kwa mruko. Injini inakutana na gurudumu lililosimama, pamoja na kilo 110 za chuma na wewe juu yake, haina nguvu ya kulizungusha ghafla, inakufa.

Dawa ni kuusahau kabisa mshiko wa kulia, ule wa mafuta. Uwanjani penye ardhi ngumu na tambarare, weka gia ya 1, miguu yote miwili chini. Fungua vidole vya kushoto taratibu mpaka usikie mlio wa injini ukishuka kidogo na pikipiki ikianza kukuvuta. Simamisha vidole hapo hapo. Usiachie zaidi, usibane. Tembea nayo hatua tatu nne, kisha bana tena. Pikipiki yenye injini ya ukubwa wa sisi (cc) 100 au 150 ikishapata moto vizuri hujivuta yenyewe polepole kwenye tambarare bila kuongezwa mafuta. Rudia mara 20, mara 30, mpaka kidole kijue bila kuambiwa na kichwa. Mwanafunzi wangu mmoja, muuza viazi karai, alisema ni kama kujua mafuta ya karai yamefikia bila kutia kidole. Mkono unajua.

Ukishapajua mahali pale ndipo uongeze mafuta kidogo *kabla* ya kuachia, na uendelee kuachia hata baada ya pikipiki kuanza kwenda. Wengi wanafanya vizuri nusu ya kwanza, halafu wakiona inakwenda wanafurahi na kufungua vidole vyote. Ndivyo nilivyofanya mimi pale msikitini.

Kama umefanya yote haya na bado inakufa, angalia mambo manne. Uko gia ya 2 badala ya 1? Stendi ya pembeni iko chini? Kuna pikipiki ambazo zimewekewa swichi inayoizima injini ukiingiza gia stendi ikiwa chini. Injini ni ya baridi, asubuhi, na choki, ile inayosaidia injini ya baridi kuwaka, imeshafungwa mapema mno? Na mwisho, kebo. Bonyeza mkono wa klachi kwa kidole kimoja: unapaswa kucheza bure kama sentimita 1 hadi 2 kwenye ncha yake kabla haujaanza kuvuta. Ukicheza zaidi, kebo imelegea, na klachi itashika ukifungua vidole kidogo tu, karibu kabisa na usukani. Dalili yake nyingine ni kwamba ukiwa umebana mkono wote, gia ya 1, pikipiki bado inataka kwenda.

Kinyume chake kipo pia. Injini inapiga kelele lakini pikipiki haiongezi mwendo, hasa ukipanda kilima. Hapo kebo imekazwa mno au sahani za klachi zimekwisha. Hilo si kosa lako hata kidogo, isipokuwa kama una tabia ya kuendesha vidole viwili vikiwa vimelala juu ya klachi muda wote. Hiyo huzila sahani.

"Inaruka kama mbuzi"

Hapa mkono wa kulia ndio mkosaji. Pikipiki ikishtuka mbele, mwili wako unabaki nyuma, na mkono uliobana mshiko unauzungusha zaidi bila kukusudia. Inaruka tena, unabaki nyuma tena. Angalia kifundo cha mkono: ukiona kimeinama chini, umeshika vibaya. Ushike mshiko kifundo kikiwa kimenyooka, ili usifungue mafuta bila kukusudia. Na wokovu ni mkono wa kushoto: ukiona mambo yamekuharibikia, bana klachi. Usiwaze breki kwanza, usiwaze kuruka. Bana klachi, nguvu zote zinakatika. Nawafanya wanafunzi wangu wairudie hiyo hadi wachoke.

Ikiwa inashtuka hata ukienda kwa mwendo sawa bila kugusa mafuta, inama uangalie cheni. Katikati ya sproketi mbili, yale magurudumu ya meno yanayobeba cheni, icheze juu na chini kama sentimita 2 hadi 3. Iliyolegea inavuta kwa mshtuko, na siku moja itatoka. Huku kwetu pwani cheni na kebo haziishi kwa sababu hewa yenyewe ni chumvi. Ukiosha, tumia maji ya mfereji, yale yanayotoka Baricho, si ya kisima cha chumvi, kisha tia oili. Na ufukweni usiingie nayo, hata maji yakiwa yametoka na mchanga umekuwa mgumu kama sakafu. Utafurahia nusu saa na utalipa miezi sita.

"Sijui niko gia ngapi"

Kabla hujapanda, muulize mwenye pikipiki: gia zinapangwa vipi? Kuna pikipiki ambazo gia zote unakanyaga mbele, nyutro (pasipo gia) ikiwa juu kabisa kisha 1, 2, 3, 4 ukishuka. Nyingine ya 1 iko chini, nyutro iko kati ya 1 na 2, na zilizobaki unainua. Ukijifunzia moja ukaazima nyingine, utadhani unapunguza kumbe unaongeza. Mwaka jana kijana wangu mmoja aliingia kona kwa gia aliyodhani ni ya 2. Hakuanguka, lakini alinyamaza hadi tulipofika nyumbani.

Gia ikikataa kuingia ukiwa umesimama, usiipige teke. Meno yamekutana ncha kwa ncha. Achia klachi kidogo, bana tena, au sukuma pikipiki nusu hatua huku ukikanyaga kwa upole. Na usisimame kabisa ukiwa gia ya 4 halafu utarajie kushuka zote tatu hapo hapo. Gia za pikipiki zinapenda kushuka gurudumu likizunguka. Punguza moja moja unapokaribia kusimama.

Kandambili acha nyumbani. Ncha ya kandambili huingia chini ya kikanyagio cha gia na kunasa, na unagundua wakati mguu unahitajika chini.

"Sijawahi kupinda kona bila kutoka nje"

Uwanja tuliokuwa tukitumia ulikuwa mtupu, isipokuwa mnazi mmoja. Niulize niligonga nini.

Pikipiki huenda macho yalipo. Ukiliogopa shimo ukalitazama, utaliingia. Ukimtazama mbuzi, utamfuata. Si uchawi: kichwa kikigeuka, mabega yanafuata, mikono inafuata. Kwenye kona tazama unakotaka kutokea, si lami iliyo mbele ya gurudumu. Geuza kidevu kabisa, ujione kama unajionyesha. Hilo peke yake linaponya nusu ya kona mbovu.

Nusu nyingine ni mwendo. Punguza *kabla* ya kona, si ndani yake. Na ukishapita kilomita 20 hivi kwa saa, pikipiki haipindi kwa kugeuza usukani kama baiskeli ya mtoto, inapinda kwa kulala. Ukitaka kwenda kulia, sukuma mbele kidogo mshiko wa kulia. Najua inasikika kinyume. Jaribu kwenye njia iliyonyooka, kasi ya 30, kwa kusukuma kama unavyosukuma mlango mwepesi, uone inalala upande gani.

Kugeuka mahali padogo, kama kwenye vichochoro, ni habari tofauti. Hapo ni klachi nusu, mafuta kidogo ya kudumu, breki ya nyuma kwa mbali, na macho juu. Breki ya mbele usukani ukiwa umegeuka itakulaza chini kama mtu aliyevutwa mkeka.

"Mchangani inanishinda"

Hapa ndipo Malindi inapomtofautisha mwanafunzi wetu na wa bara. Ukitoka lami hatua mbili umeshaingia mchangani. Wakati wa kiangazi mchanga unalegea, gurudumu la mbele linazama na kuanza kucheza huku na huku, na kila mwanafunzi anafanya mambo matatu yale yale: anabana usukani, anafunga mafuta, anatazama chini. Yote matatu yanamwangusha.

Fikiria ngalawa. Nahodha haulazimishi usukani kila wimbi linapoigusa. Gurudumu la mbele mchangani linaogelea, liache liogelee. Kazi yako ni kuliondolea uzito. Sogea nyuma kwenye siti, bana tangi kwa magoti, legeza viwiko, shika usukani kama unavyoshika kifaranga. Ingia ukiwa tayari kwenye gia ya 2, kwa mwendo wa wastani, na mafuta yasibadilike, wala usiyafunge ghafla. Ukifunga, uzito wote unahamia mbele na gurudumu linazama kama jembe. Tazama mita 10 au 15 mbele, utafute mkondo ambao tuktuk zimeshaukandamiza. Usiguse breki ya mbele. Ukitaka kusimama, punguza mafuta taratibu, mchanga wenyewe utakusimamisha.

Mara ya kwanza nilipofaulu kuuvuka mchanga wa nyuma ya nyumba yetu, mita kama 60, mikono ilikuwa imelegea kwa kuchoka tu. Sikuwa na nguvu ya kuubana usukani. Ndipo nikaelewa.

Upande wa pikipiki, tazama tairi. Lililoisha meno litateleza hata ufanye nini. Lililojazwa upepo mno hukatiza mchanga badala ya kuelea juu yake. Kwa pikipiki nyingi za kazi, paundi 25 hadi 28 mbele na kama 28 hadi 32 nyuma zinatosha. Kuna wanaoshauri utoe upepo uingie mchangani. Kwa anayeanza mimi sishauri, maana utasahau kuurudisha na lami iko hapo hapo.

Na mchanga haubaki njiani kwake. Kila kichochoro kinachotokea barabara ya lami kimemwaga mchanga wake pale pembeni, hasa upande wa Casuarina, na ndipo hasa unapotaka kupinda. Mvua ya kwanza baada ya ukame nayo ni ya kuogopwa: vumbi na oili iliyomwagika huchanganyika na maji, lami inakuwa kama ganda la embe. Subiri inyeshe sawasawa ioshe.

"Nikifunga breki, nyuma inateleza"

Kwa sababu umekanyaga nyuma tu. Mtu fulani amekuambia ya mbele inarusha. Hiyo ni nusu ya ukweli inayowaumiza watu. Ukianza kusimama, uzito unahamia mbele, gurudumu la mbele linakandamizwa chini na la nyuma linakuwa jepesi. Kwa hiyo nguvu kubwa ya kusimama iko mbele, na ya nyuma hufunga kwa urahisi ikaanza kuserereka. Inayorusha ni breki ya mbele iliyonyakuliwa ghafla, au iliyoshikwa mchangani na kwenye kona. Kwenye lami kavu, ukiwa umenyooka, ibane kwa vidole viwili kama unavyokamua ndimu: kwanza kidogo, kisha zaidi. Ya nyuma ikusaidie kwa upole.

Fanya mazoezi kwa 20, kisha 30, weka kopo chini uone unasimama wapi. Ukizidisha mwendo mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki unazidi mara nne, na kwa kasi ya 50 unakwenda karibu mita 14 kila sekunde, kabla hata hujagusa chochote. Hesabu hiyo ikumbuke ukiwa nyuma ya tuktuk. Tuktuk ya Malindi haisimami, inakatika, kwa sababu abiria amesema "hapa hapa." Tazama mabega ya abiria: akianza kutafuta pesa mfukoni, yeye ndiye indiketa.

Breki ikibanwa mpaka mwisho na bado pikipiki inakwenda, hiyo ni ya fundi, si ya mazoezi. Usiipande.

Madogo madogo

Mikono inakufa ganzi: unabana mno. Imba. Kweli, imba kwa sauti ndani ya helmeti, huwezi kuimba na kukaza mabega kwa wakati mmoja.

Upepo unakusukuma: wakati wa kusi, kati ya Aprili na Septemba, daraja la Sabaki ni mahali pa kujua hilo. Ukielekea Mambrui upepo unakupiga kutoka upande wa kulia. Usishindane nao kwa mikono. Punguza mwendo, magoti yabane tangi, acha nafasi pande zote mbili, na ujue lori likikupita upepo utakatika kidogo kisha utarudi kwa kishindo.

Pikipiki inarudi nyuma kwenye kilima: mjini kwetu ni tambarare, kwa hiyo wengi hawajifunzi hili hadi siku ya kwenda Marafa. Shikilia breki ya nyuma kwa mguu wa kulia, tafuta klachi inaposhika, ongeza mafuta, na ukisikia pikipiki inavuta dhidi ya breki ndipo uachie mguu.

Dada zangu: dera na leso havipandi pikipiki vikiwa vimeachiwa. Nimeona ncha ya leso ikivutwa na cheni, polepole kabisa, kama mtu anayekusanya uzi, hadi ikamng'oa mwenye leso kwenye siti. Alikuwa abiria, na walikuwa ndiyo kwanza wanaondoka, ndiyo maana aliinuka akicheka. Vaa suruali ndani, kusanya dera mapajani uikalie, na buibui lifungwe nyuma. Hakuna sitara inayopungua.

"Haiwaki kabisa"

Fuata mpangilio huu kabla ya kumpigia fundi. Ufunguo umewashwa, taa ya nyutro inawaka? Koki ya mafuta iko wazi? Mafuta yakiwa chini igeuze kwenye rizavu, yaani akiba. Asubuhi ya baridi vuta choki, injini ya moto iache. Ukishapiga kiki mara nyingi na unasikia harufu ya petroli, umeizamisha: funga choki, fungua mafuta yote, piga kiki taratibu mara kadhaa, au subiri dakika kumi. Ikikataa bado, kagua kofia ya plagi kama imekaa. Baada ya kuoshwa, maji huingia hapo.

Na mwanzo kabisa wa hayo yote, tazama ile swichi nyekundu ya kuzimia, upande wa kulia wa usukani. Siku moja niliisukuma Boxer kutoka sokoni hadi karibu na nyumbani, jua la saa saba, jasho hadi kwenye nyusi. Mtoto wa jirani, bado yuko darasa la pili, akanifuata njia nzima akiitazama. Tulipofika mlangoni akanyoosha kidole. "Shangazi, mbona hii umeizima?"